Kutafuta Faili Zote

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, Mugure alikuwa amekwisha kufungua kabati la chuma, kuzihesabu tableti ishirini na nne za shule na kuzipangusa moja moja kwa kitambaa. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Vumbi la Nakuru lina bidii kuliko wanafunzi wengi. Upepo ukishuka kutoka Menengai, linapita chini ya mlango, linapita kwenye tundu la ufunguo, na wako watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaoapa kwamba wamewahi kulikuta ndani ya yai la kuchemsha.

Mugure alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane katika shule moja ya mtaa wa Section 58. Alikuwa kiranja wa tableti. Ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na akitembea aliuacha ugongane na vifungo vya sweta, ili watu wajue nani anapita.

Lakini sifa yake kubwa haikutokana na ufunguo. Ilitokana na kijiwaya cheusi, kifupi kuliko kidole, alicholetewa na mjomba wake. Upande mmoja kilikuwa na kichwa chembamba cha kuingia kwenye tableti. Upande wa pili kilikuwa na mdomo mpana wa kupokea kitu chochote cha USB. Jina lake la dukani ni OTG. Darasani kikaitwa Otiji, kama mtu.

Siku Mugure alipochomeka kipanya kwenye Otiji na mshale mweupe ukatokea juu ya kioo cha tableti, darasa lilisimama. Siku alipochomeka kibodi, Peterson wa dawati la nyuma alipiga mluzi mpaka akaitwa ofisini. Kufikia Ijumaa, watoto wa Gredi ya Tatu walikuwa wakisimuliana kwamba Mugure ameunganisha tableti na jiko la makaa, na chai ikachemka bila moto. Walipomuuliza, hakukataa. Alitabasamu tu.

Mwalimu Nabalayo, aliyefundisha Kiswahili na kusimamia tableti, alikuwa ameziweka zote zitumie lugha ya Kiswahili. "Mashine itazungumza nasi kwa lugha tunayofanyia mtihani," alisema.

"Mwalimu, na ikitupa insha?" Peterson aliuliza.

"Utaiandika. Na sheria ni hii: flashi ya nyumbani haichomekwi hapa bila mimi kuwepo. Mmenisikia?"

"Tumesikia!" walijibu wote, na Mugure akajibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, Mugure alikuwa ndani ya chumba cha tableti akizichaji. Jepleting, aliyekaa naye dawati moja tangu Gredi ya Nne, aliingia polepole na kuufunga mlango.

"Sasa?"

"Poa," alisema Mugure. "Mbona uso umeukunja hivyo? Githeri ilikuwa na mawe?"

Jepleting hakucheka. Alifungua kiganja. Ndani mlikuwa na flashi ndogo, imefungwa kwenye nailoni na kukazwa kwa mpira wa nywele.

"Hii ni ya mathe," alisema, akimaanisha mama yake. "Ni picha za mgongo wa Kim."

Mugure alimjua Kim. Jina lake kamili lilikuwa Kimberly, mdogo wake Jepleting, mtoto wa miaka mitano aliyependa kuimba na ambaye tangu mwaka uliopita hakutembea vizuri. Ndani ya mgongo wake, karibu na kiuno, palikuwa na uvimbe.

"Jumatatu tunampeleka kwa daktari Eldoret," Jepleting alieleza. "Atapigwa picha mpya, kisha daktari aziweke kando ya hizi za mwaka jana, aone kama uvimbe umekua. Ukikua, anapasuliwa. Usipokua, anaachwa, kwa sababu kupasua mgongo kunaweza kumwachia miguu isiyosimama kabisa. Sasa mathe anaogopa zisifunguke. Mara ya mwisho tulirudishwa kwa sababu ya kukosa karatasi moja tu. Na kile kituo kilichompiga hizi picha kilifungwa. Hakuna nyingine."

"Hakuna nyingine popote?"

"Popote. Ndio maana amezifunga hivi kama dhahabu. Nimemwambia nina rafiki anayejua. Lakini Mwalimu yuko kwa mkutano. Tumngoje?"

Hapo ndipo Mugure angeweza kusema ndiyo, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mtu akishasifiwa kwa kuchemsha chai kwa tableti, kungoja kunakuwa kugumu.

"Mwalimu mwenyewe huniuliza mimi," alisema. "Leta."

"Basi niangalizie. Leo ni zamu yangu ya kuosha sufuria. Nitarudi sasa hivi."

Jepleting alitoka mbio. Mugure alifungua mpira wa nywele, akakunjua nailoni, akachomeka flashi kwenye Otiji na Otiji kwenye tableti. Kitaa cha flashi kiliwaka. Kisha juu ya kioo yakatokea maandishi:

Hifadhi ya USB haisomeki. Je, ungependa kuiumbiza? Kuumbiza kutafuta faili zote.

Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa GHAIRI, cha pili UMBIZA.

"Haisomeki" alilielewa, na likamtisha. Neno "kuumbiza" hakuwahi kuliona maishani. Lakini mstari wa mwisho ulimtuliza: kutafuta faili zote. Si ndicho alichokuwa akitaka? Picha hazionekani, na mashine inajitolea kuzitafuta. Alibonyeza UMBIZA.

Mstari wa kijani ulitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, haraka, kama mjusi anayevuka ukuta. Maandishi yakabadilika: Hifadhi iko tayari. Mugure alifungua. Ndani hamkuwa na kitu. Alingoja, akidhani bado inatafuta. Alichomoa, akachomeka tena. Vipengee sifuri. Alipuliza mdomo wa Otiji, akageuza, akajaribu kwenye tableti nyingine. Sifuri.

Jasho lilimtoka kwenye mikono, kwapani, nyuma ya masikio. Lilimtoka mahali ambapo hakujua kuna matundu ya jasho.

Hatua za Jepleting zilisikika kwenye varanda. Flashi tupu ingemuumbua papo hapo. Haraka, bila kufikiri, Mugure alifungua picha za safari ya darasa kwenda Ziwa Nakuru zilizokuwa kwenye tableti, picha arobaini na moja za heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Alizinakili zote ndani ya flashi. Sasa haikuwa tupu. Aliichomoa mlango ulipofunguka.

"Zimefunguka?" Jepleting aliuliza, mikono ikidondosha maji.

"Zimefunguka."

"Zote?"

"Zote. Ziko sawa."

"Umeuona uvimbe?"

Mugure angeweza kusema hakuangalia. Angeweza kusema hajui kusoma picha za namna hiyo. Lakini rafiki yake alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyeshikilia kamba asizame.

"Nimeuona," alisema. "Ni mdogo tu."

Jepleting alimkumbatia kwa ile mikono yenye maji, akaondoka na flashi akiruka kama mtu aliyeshinda mashindano.

Siku hiyo Mugure hakujibu swali lolote darasani. Nyumbani hakumaliza chakula. Kulipokucha Ijumaa alikuwa amejiambia mambo mengi: kwamba huenda daktari hatazihitaji zile picha, kwamba huenda watadhani kituo kilikosea, kwamba flashi huharibika kila siku. Aliyasema vizuri, kwa mpangilio, kama insha. Hakuna hata moja aliloliamini.

Asubuhi Jepleting alimletea chapati mbili zilizofungwa kwenye karatasi.

"Mathe amekutumia. Jana jioni alienda kwa maombi ya akina mama, akawaambia uvimbe ni mdogo. Aki, walipiga vigelegele! Hajalala vizuri hivyo tangu mwaka jana."

Mugure aliziangalia zile chapati. Zilikuwa moto bado.

"Jepleting," alisema, "mwambie mama yako alete flashi mchana. Nataka kuiangalia mara ya mwisho. Kuhakikisha."

Hakuwa na nia ya kuhakikisha. Kichwani mwake mlikuwa na mpango. Kwenye tableti kulikuwa na somo la sayansi lenye picha ya mifupa ya mtu, na mgongo ulionekana vizuri, pingili kwa pingili. Angeikata ile picha, aibadilishe rangi iwe ya kijivu, aiweke ndani ya flashi. Daktari angeona mgongo. Mgongo ni mgongo.

Mchana, Mama Jepleting alifika langoni kwa miguu kutoka Bondeni, flashi ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso. Kim alikuwa mgongoni mwake, ingawa alikwishakuwa mkubwa wa kubebwa, miguu yake myembamba ikining'inia hadi magotini mwa mama.

"Mwanangu, Mungu akubariki," Mama Jepleting alisema, akimkabidhi flashi kwa mikono miwili. "Nitangoja hapahapa. Usiharakishe."

Kim alichungulia juu ya bega la mama yake. "Ni wewe uliniona mgongo ndani?"

"Kim, wacha kusumbua watu."

"Nauliza tu! Ndani kuko rangi gani?"

Mugure aligeuka akaondoka upesi, na nyuma yake akamsikia Kim akisema, "Mama, amekataa kuniambia."

Ndani ya chumba cha tableti aliifanya kazi kama alivyopanga. Picha ya mifupa ilikatika vizuri. Rangi ya kijivu ilikubali. Ulikuwa mgongo safi kabisa, umenyooka, hauna uvimbe wala doa. Alichomeka flashi kwenye Otiji. Kidole chake kikasimama juu ya neno NAKILI.

Hauna uvimbe.

Alimwona daktari akiweka picha mpya ya Kim kando ya hii. Mwaka jana, hakuna kitu. Mwaka huu, uvimbe. Daktari angesema nini? Angesema umekua, na umekua haraka. Angesema apasuliwe. Na yule mtoto aliyekuwa langoni akiuliza rangi angelazwa kwenye meza na kukatwa mgongo kwa sababu ya picha iliyotoka kwenye somo la sayansi.

Mugure aliondoa kidole. Alichomoa flashi, akaishika kama kaa la moto, akaenda hadi chumba cha walimu.

Mwalimu Nabalayo alikuwa akisahihisha madaftari. "Ndiyo, kiranja?"

"Mwalimu, nimefuta picha za mgongo wa Kim."

Kalamu ilisimama. Mugure alieleza habari ya flashi, ya Otiji, ya maandishi kwenye kioo. Alieleza na lile "mdogo tu", na ile picha ya mifupa aliyokaribia kuiweka. Habari ya heroe aliipita pembeni, kama mtu anayekwepa dimbwi.

"Mashine ilisema itazitafuta," alimalizia huku akilia. "Iliandika hivyo, Mwalimu. Kuumbiza kutafuta faili zote."

Mwalimu Nabalayo alifunga macho. Kisha akachukua karatasi, akaliandika neno lile moja: kutafuta.

"Ligawanye," alisema.

Mugure alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Ku. Tafuta."

"Ligawanye tena. Fikiria kinachozungumziwa ni hicho kitendo cha kuumbiza, na kwamba bado hakijafanyika."

Mugure alilitazama neno. Lilikuwa lilelile, herufi zilezile nane. Halafu likafunguka mbele yake, na akatamani lisingefunguka. "Ku," alisema polepole. "Ta. Futa."

"Kuumbiza kutafuta. Yaani, ukiumbiza, faili zote zitafutwa." Mwalimu aliiweka kalamu chini. "Hapo nami nina makosa. Niliibadilisha lugha ya tableti nikafurahi, nikawafundisha kuziwasha na kuzizima. Sikuwafundisha maneno yanayoweza kuwaumiza. Hilo ni langu. Lakini uliyoyafanya baada ya kubonyeza ni yako. Mama yake yuko wapi?"

"Langoni. Ananingoja."

"Basi twende. Utamwambia wewe."

Kutoka chumba cha walimu hadi langoni ni hatua themanini. Mugure angeweza kukuapia kwamba siku hiyo zilikuwa elfu nane, na kila moja ilikuwa ya kupanda mlima.

Alisema. Aliyasema akiitazama miguu ya Kim. Mama Jepleting alimshusha mtoto, akamketisha juu ya jiwe, akasimama wima. Hakupiga kelele. Jepleting, aliyekuwa amefika mbio kuona kinachoendelea, alisikia mwisho wake.

"Ulisema ni mdogo," Jepleting alisema. "Nilikuuliza, ukasema umeuona."

"Sikuuona."

"Basi ulikuwa unaona nini?"

Jepleting alirudi nyuma, akaenda kusimama upande wa pili wa mama yake.

"Mama Jepleting," alisema Mwalimu Nabalayo, "pale Bondeni kuna fundi, anaitwa Sue. Amewahi kunirudishia mitihani iliyofutika. Siwezi kukuahidi. Lakini twende sasa hivi, kabla mtu mwingine hajaigusa hiyo flashi."

Kibanda cha Fundi Sue kilikuwa kimebanana kati ya muuza viatu na muuza mboga. Kuta zake zilijaa simu zisizo na vifuniko, na juu ya meza kompyuta mbili zilikuwa zikinguruma. Sue mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa gundi upande mmoja. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa kutoka kwa simu aliyokuwa akiifungua.

"Kwa hivyo mganga wa waya ni nani hapa?" aliuliza.

"Ni mimi," alisema Mugure.

"Karibu, daktari. Mgonjwa yuko wapi?"

Alipokea flashi, akaichomeka kwenye kompyuta, akaangalia kwa muda. "Hii iliandaliwa na kompyuta ya kituo, kwa mtindo ambao tableti nyingi haziujui. Picha zilikuwa nzima. Tableti ilikuwa mjinga, si flashi. Sasa nisikilize. Baada ya kubonyeza, uliweka kitu humu?"

Muuza mboga alikuwa akimkemea mbuzi.

"Nauliza tena, na si kwa ubaya. Mashine hii inapofuta, haichomi kitabu. Inang'oa tu ukurasa wa yaliyomo. Kurasa nyingine zote bado zipo, ila haijui ziko wapi, na mimi naweza kuzisoma moja moja. Lakini mtu akiandika juu ya ukurasa wa zamani, hapo basi. Hata mimi siwezi. Kwa hivyo lazima nijue kilichoandikwa juu, na ni kingi kiasi gani, ili nijue pa kuanzia. Uliweka kitu?"

Mwalimu alimtazama Mugure. Mama Jepleting alimtazama. Lile dimbwi alilolikwepa lilikuwa limemfuata mpaka Bondeni.

"Niliweka picha," alisema. "Za heroe. Arobaini na moja. Ili ionekane haiko tupu."

"Mugure!" Mwalimu alisema.

"Na leo?" Sue aliuliza.

"Leo sikuweka kitu. Nilitaka, nikaacha."

"Kama ungeweka hata video moja ya harusi, ningekurudishia flashi yako na pole." Sue alivuta kiti. "Mathe, keti. Itachukua muda. Chochote nitakachopata nitakiweka kwenye flashi nyingine. Hii haiguswi tena."

Walikaa. Namba zilipanda juu ya kioo, asilimia moja, mbili, nne. Mama Jepleting hakupepesa macho. Kim alilala mapajani mwake akiwa amefungua mdomo. Jepleting alikaa kwenye debe karibu na mlango, mgongo kwa Mugure, na kila kompyuta ilipokwama kidogo mabega yake yalipanda.

Picha za kwanza zilipofunguka, Mugure alitaka kukimbia. Nusu ya juu ilikuwa mgongo. Nusu ya chini ilikuwa michirizi ya kijivu na waridi, kama ukuta uliomwagiwa rangi.

"Hao ni ndege wako," Sue alisema. "Wamekula hii. Na hii. Na hii."

Walikula kumi na tatu. Kila moja Sue aliifungua mbele yao bila kuificha, na kila moja Mama Jepleting aliguna kama mtu aliyechomwa mwiba. Kisha ikafunguka ya kumi na nne, nzima. Na ya kumi na tano. Zikaendelea hivyo, safi, mpaka ya mia mbili na kumi na nane. Sue alizipitia zote na kuangalia namba zilizoandikwa pembeni.

"Zilizoharibika ni za mwanzo, za shingo," alisema hatimaye. "Uvimbe wa mtoto uko wapi?"

"Kiunoni," Mama Jepleting alisema kwa sauti ndogo.

"Za kiunoni ziko. Zote."

Mama Jepleting alifunika uso kwa leso. Alilia bila sauti, na Kim akaamka akamshika sikio kumbembeleza.

"Daktari," Fundi Sue alimwambia Mugure, na safari hii hakuwa akitania, "kubonyeza kulifuta picha mia mbili na kumi na nane, na zote zingerudi. Hizi kumi na tatu hazikuharibiwa na kosa lako. Ziliharibiwa na kuficha kosa. Umeiona tofauti kwa macho yako."

"Nimeiona," alisema Mugure.

Mwalimu Nabalayo alinyoosha mkono. Mugure aliivua ile kamba ya kiatu na kumpa ufunguo. Hakuna aliyemwambia ni kwa muda gani.

Jumatatu Jepleting alikuwa Eldoret, na dawati lilikuwa na mtu mmoja. Peterson alianza utani wake wa chai na jiko, na kwa mara ya kwanza Mugure alimjibu. "Sijawahi kuchemsha chai kwa tableti," alisema. "Hakuna anayeweza."

Jumanne jioni, wakati wa kutoka, Mama Jepleting alikuwa langoni. Kim alikuwa amesimama mwenyewe, ameshika chuma cha lango. Mugure alimsogelea mama.

"Haujakua," Mama Jepleting alisema. "Daktari ameziweka kando kwa kando, za mwaka jana na za jana. Hazitofautiani. Hatampasua. Tutarudi baada ya miezi sita."

Mugure alishindwa kuyazuia machozi. "Nisamehe, Mama."

"Sikiliza. Kidole kilichobonyeza sikukikasirikia. Mimi mwenyewe ningesoma kama ulivyosoma. Ningebonyeza, na ningebonyeza kwa nguvu. Kilichoniumiza ni kwamba ulinipa furaha ambayo haikuwa yangu. Usiku ule nililala kwa sababu yako, na kumbe nimelalia uongo. Mtoto akikosea na kusema, kosa linabaki na ukubwa wake. Akificha, analilisha. Na kosa likilishwa, linakula vya watu wengine. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kuna jambo moja limebaki. Wale akina mama wa maombi niliwaambia uvimbe ni mdogo, kwa neno lako. Walimshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Alhamisi utakuja nami."

"Niwaambie nini?"

"Yote. Na wale ndege usiwaruke."

Alhamisi saa kumi jioni, ndani ya chumba kimoja cha Bondeni, akina mama kumi na wanane walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Jepleting alikuwa karibu na dirisha. Alimwona Mugure akisimama mlangoni, akamtazama. Kisha alisogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Mugure hakukaa kwanza. Alisimama katikati ya chumba na kuanza kusema.